Kuweka mrija wa dayalisisi ya tumbo kwa upasuaji wa matundu madogo: hatua kwa hatua

Dayalisisi ya tumbo husafisha damu ya mgonjwa ambaye figo zimeshindwa kwa maji yanayoingizwa na kutolewa tumboni kupitia mrija. Mrija huo ukikataa kufanya kazi, mara nyingi kosa si la mrija wenyewe. Kosa ni mahali ulipolazwa na kilichoachwa jirani yake: ncha imepanda kutoka kwenye nyonga, omento (pazia la mafuta la tumboni) imeuzingira, au utumbo ulioshikana kwa makovu umeziba njia ya maji. Laparoskopu, yaani kamera nyembamba inayoingizwa tumboni kupitia tundu dogo, inathaminiwa kwa sababu hiyo. Daktari anayeingiza kamera, akautazama mrija ukishuka, kisha akafunga, hajampa mgonjwa chochote zaidi ya kile ambacho angekipata kwa upasuaji wa kawaida wa wazi. Faida huja kamera inapofanyiwa kazi: kuupitisha mrija ndani ya ala ya msuli (utando mgumu unaoufunika msuli wa mbele wa tumbo) ili ubaki umeelekea chini, kuiinua omento na kuishona juu, na kukata makovu yanayozuia maji.

Mwongozo huu ni wa madaktari wa upasuaji na wauguzi ambao tayari wana mafunzo ya laparoskopu, pamoja na wauguzi wa dayalisisi watakaoupokea mrija baada ya hapo. Mgonjwa na ndugu zake nao wasome sehemu za maandalizi na za uangalizi, maana nusu ya maisha ya mrija iko mikononi mwao.

Nani anafaa, na nani atafutiwe njia nyingine

Anayefaidika zaidi ni mgonjwa aliyewahi kupasuliwa tumbo au kuugua maambukizi ya tumbo, yule ambaye mrija wake wa kwanza ulishindwa, na yule mwenye ngiri inayohitaji kushonwa siku hiyohiyo. Kovu la zamani kwenye ngozi halimzuii mtu kuwekewa mrija. Makovu ya ndani hayatabiriki kwa kutazama nje: wengine wana mshono mrefu na ndani hamna kitu, wengine wana kashono ka kidole, tumboni mote mmeshikana. Ndiyo maana kamera huamua.

Laparoskopu kwa kawaida huhitaji nusu kaputi. Mgonjwa ambaye moyo au mapafu yake hayawezi kuistahimili asilazimishwe. Mrija unaweza kuingizwa kwa sindano na waya chini ya ganzi, ukiongozwa na altrasaundi au eksirei. Anayeugua kwa sasa uvimbe mkali wa utumbo, au mwenye maambukizi ya ngozi ya tumbo, asubiri apone kwanza. Na ikiwa ndani kumeshikana kiasi kwamba hakuna nafasi ya maji kuzunguka, hakuna mrija utakaosaidia: mgonjwa huyo apelekwe kwenye dayalisisi ya damu.

Kuchagua mrija na kuchora tumbo

Hatua hii hufanyika siku kadhaa kabla, mgonjwa akiwa macho na amevaa nguo zake za kila siku. Wengi huiruka, na hakuna hatua inayolipa kama hii.

Mrija wa kawaida ni wa silikoni, unene wake wa nje ni milimita 5 hivi, na una pete mbili za kitambaa cha Dacron. Muundo huo ulielezwa na Tenckhoff na Schechter mwaka 1968, na mirija mingi ya leo bado inaufuata. Pete ya ndani hukaa ndani ya msuli wa tumbo, pete ya nje hukaa chini ya ngozi. Nyama huota ndani ya kitambaa cha pete, na hapo ndipo mrija unaposhikwa na njia ya vijidudu inapozibwa. Ncha ya ndani inaweza kuwa imenyooka au imejikunja mzunguko. Zote mbili hufanya kazi.

Mwombe mgonjwa akae, asimame, kisha alale. Weka alama mahali mkanda au mshipi wa nguo unapobana, kwenye mikunjo ya ngozi, kwenye makovu, na mahali ambapo macho yake mwenyewe hayafiki. Tundu la mrija kutokea nje lisiangukie popote kati ya hapo. Anayefunga nguo juu ya kitovu huhitaji mrija uliopindwa kiwandani kama shingo ya bata, ili utokee chini ya mkanda ukielekea chini. Anayefunga chini ya kitovu atafaa zaidi mrija ulionyooka kati ya pete zake mbili, ukapindwa kidogo na kutokea ubavuni juu ya mkanda. Mgonjwa mnene mwenye tumbo lililokunjamana, au mwenye tundu la haja tumboni, anaweza kuongezewa mrija wa chini ya ngozi ili utokee sehemu ya juu ya tumbo au hata kifuani.

Sasa mlaze chali. Weka mrija juu ya tumbo, mzunguko wa ncha ukigusa kwa ukingo wake wa juu ukingo wa juu wa mfupa wa kinena. Kwa mrija ulionyooka, sentimita 5 za mwisho ndizo zipite chini ya ukingo huo. Pete ya ndani inapoangukia, sentimita 2 hadi 3 pembeni mwa mstari wa katikati, weka alama: hapo ndipo mrija utakapoingilia. Kitovu kisitumiwe kama kipimo. Umbali kati ya kitovu na kinena hutofautiana sana kati ya mtu na mtu, na anayepima kwa kitovu atampa mtu mfupi mrija unaosukuma puru na kumuuma kila maji yanapotoka, na mtu mrefu mrija unaoishia karibu na omento.

Maandalizi ya mgonjwa

Choo kiwe kimetoka. Utumbo mpana uliojaa huusukuma mrija utoke kwenye nyonga na hubana matundu yake. Mpe dawa ya kulainisha choo jana yake, kwa mfano lita 2 za maji ya polietileni glikoli, au enema, au kidonge cha kuweka puruni. Enema za fosfeti na dawa za kuharisha zenye magnesi zisitumike: figo zilizoshindwa haziwezi kuyatoa madini hayo, na kiwango chake kwenye damu kinaweza kupanda hadi kuhatarisha maisha.

Dawa za kuzuia damu kuganda zipangwe mapema pamoja na daktari aliyeziandika. Kwa kawaida warfarini husimamishwa siku 5 kabla, na klopidogreli siku 5 hadi 7, lakini mwenye kifaa kipya kwenye mshipa wa moyo asiguswe kabla ya kushauriana. Sumu za figo zenyewe hufanya chembe sahani zisishikane vizuri. Ukihofia kuvuja damu, desmopresini ya mikrogramu 0.3 kwa kila kilo ya uzito husaidia kwa saa chache.

Asubuhi ya upasuaji pima potasiamu. Gesi ya kaboni dioksidi itakayoingizwa tumboni hufyonzwa na kuongeza asidi kwenye damu, na asidi huipandisha potasiamu ambayo tayari ilikuwa juu. Mtaalamu wa usingizi aijue namba hiyo kabla hajachagua dawa, kwa kuwa saksinilikolini nayo huiongeza kwa takriban milimoli 0.5 kwa lita. Dawa za kulegeza misuli zisizotegemea figo, kama atrakuriamu, ni salama zaidi. Kanula iwekwe nyuma ya kiganja, mishipa ya mkono kati ya kiganja na bega iachwe: siku moja mgonjwa huyu anaweza kuhitaji fistula, yaani mishipa ya mkono iliyounganishwa kwa ajili ya dayalisisi ya damu.

Mgonjwa aoge kwa sabuni ya klorheksidini siku hiyo. Nywele za tumboni zikatwe kwa mashine, wembe usitumike kwa sababu huacha mikwaruzo inayofuga vijidudu. Akojoe kabla ya kuingia chumba cha upasuaji, na kama hawezi kumaliza mkojo awekewe mpira wa mkojo. Kibofu kilichojaa kimewahi kutobolewa na kuingizwa mrija wa dayalisisi katika vituo vingi duniani. Antibiotiki ya kinga hutolewa mara moja: sefazolini gramu 1 hadi 2 kulingana na uzito, ndani ya dakika 60 kabla ya chale. Ukitumia vankomisini, gramu 1 iingie polepole kwa saa moja au zaidi, basi ianze mapema.

Vifaa vya kuhakikisha viko mezani

Mbali na seti ya kawaida ya laparoskopu, hesabu hivi kabla mgonjwa hajalazwa: kamera ya milimita 5 yenye pembe ya nyuzi 30, troka (bomba la kupitishia vifaa ukutani mwa tumbo) moja au mbili za milimita 5, troka ya milimita 7 au 8 ya kupitishia mrija, kwa sababu kwenye troka nyembamba zaidi pete haipiti, waya wa kunyooshea mrija, kifaa cha kuchimbia njia chini ya ngozi chenye unene sawa na mrija, sindano ya kupitishia uzi ukutani mwa tumbo, lita 2 za maji ya chumvi yaliyopashwa joto la mwili na mpira wake, kiungio cha titani na mrija wa nje wenye kufuli. Mrija wenyewe uloweke kwenye maji ya chumvi na uzibinye pete mpaka mapovu yaishe. Pete yenye hewa ndani yake haishikani na nyama upesi.

Kuingia tumboni

Mgonjwa analala chali, mikono imefungwa ubavuni. Tundu la kwanza liwe mbali na mahali mrija utakapopita na mbali na kovu lolote la zamani. Pahali panapofaa wengi ni juu kushoto, sentimita 3 hivi chini ya mbavu, kwenye mstari unaoshuka kutoka katikati ya mtulinga. Kabla ya kuchoma hapo, mtaalamu wa usingizi apitishe mpira tumboni na kuondoa hewa, kisha daktari apapase kuhakikisha wengu na ini havijavimba. Unaweza kutumia sindano ya Veress (sindano ya kuingizia gesi tumboni) au njia ya wazi. Kama mgonjwa amepasuliwa mara nyingi, njia ya wazi ndiyo ya busara.

Gesi ikianza kuingia, shinikizo la mwanzo liwe chini ya milimita 8 hadi 10 za zebaki. Likiwa juu, sindano haijafika ndani au imegusa kitu; itoe, usiongeze mkondo wa gesi. Jaza polepole hadi milimita 12. Kwa mwenye moyo dhaifu, 8 hadi 10 hutosha, kazi yenyewe si ya kuhitaji nafasi kubwa.

Ingiza kamera, tazama kwanza mahali ulipochoma, kisha zunguka tumbo lote. Sasa inamisha meza kichwa chini nyuzi 15 hadi 20 na utazame nyonga. Maswali ni manne: Je, omento inafika nyonga? Kuna makovu yanayogawa nafasi vyumba vyumba? Kuna vijinyama vya mafuta vya utumbo mpana au mirija ya uzazi iliyolegea kiasi cha kuweza kunyonywa na matundu ya mrija? Kuna ngiri? Majibu hayo ndiyo yanayopanga hatua zinazofuata, na yote hushughulikiwa kabla mrija haujaingia.

Kuisafisha njia

Omento ni pazia la mafuta linaloning'inia mbele ya utumbo, na ndiyo adui mkuu wa mrija huu. Huvutwa na mkondo wa maji yanayotoka, huingia kwenye matundu madogo ya ubavuni na kuyaziba. Ikiwa mgonjwa ameinamishwa kichwa chini na bado imelala ndani ya nyonga, ishone juu. Ishike kwa koleo katikati ya urefu wake, iinue hadi ukuta wa mbele sehemu ya juu ya tumbo, toboa ngozi kidogo na upitishe sindano yenye uzi usioyeyuka wa namba 2-0. Shika fungu nene la omento kwa uzi huo mara mbili au tatu, utoe uzi nje kupitia tundu lilelile la ngozi, ufunge fundo juu ya ala ya msuli. Kabla ya kukaza, punguza gesi kidogo na utazame utumbo mpana unaopita juu: ukivutwa, mgonjwa ataamka na kichefuchefu na maumivu yasiyoisha. Kuikata omento yote hakuhitajiki, na huongeza kuvuja damu.

Kwenye makovu tunashauri kiasi. Kata yale tu yanayoziba mlango wa nyonga au yanayofunga maji yasirudi. Kila kovu unalokata kwa mgonjwa wa figo ni kidonda kinachoweza kutoa damu, na damu iliyoganda huziba mrija hata kabla haujatumika. Kata kwa mkasi, karibu na ukuta na mbali na utumbo. Chombo cha moto kitumike kwa uangalifu mkubwa, kwani utumbo uliounguzwa unaweza kutoboka siku kadhaa baadaye, wakati maji ya dayalisisi yameshaanza kuingia. Utumbo ukitoboka mbele ya macho yako, ushone vizuri, osha, na uahirishe mrija.

Vijinyama vya utumbo mpana vinavyoning'inia njiani vinaweza kukatwa. Ngiri ya ukuta wa tumbo ishonwe siku hiyohiyo, maana lita 2 za maji zitaipanua kwa uhakika. Wavu ukihitajika, uwekwe nje ya peritoneo (utando wa ndani wa tumbo) usigusane na maji.

Handaki ndani ya ala ya msuli

Hapa ndipo pana siri ya mrija usiohama. Mrija ulioingia tumboni wima kama msumari unaweza kuzunguka upande wowote. Uliopita sentimita 4 hadi 6 ndani ya ala, ukishuka sambamba na ukuta, hauna pa kwenda ila nyongani.

Kata chale ya sentimita 2 kwenye alama ya pete ya ndani, fika kwenye ala ya mbele ya msuli. Ingiza troka ya milimita 7 au 8 wima, ipenye ala na msuli, mpaka kamera ionyeshe ncha yake ikibinua peritoneo kwa nyuma bila kuitoboa. Simama hapo. Ilaze troka ielekee nyonga na uisukume taratibu kati ya msuli na ala ya nyuma, ncha ukiiona muda wote chini ya utando. Baada ya sentimita 4 hadi 6, toboa peritoneo ukielekea katikati ya nyonga. Baki upande wa ndani wa msuli. Mshipa mkubwa wa damu wa ukuta wa tumbo hupita nyuma ya msuli huo upande wa nje. Ukiona damu ikichirizika kwenye handaki, bana kwa dakika chache, na ikiendelea zungushia mshipa uzi. Usiendelee ukitumaini itakoma.

Lowesha waya wa kunyooshea, uingize ndani ya mrija lakini uache sentimita 1 ya mwisho bila waya, ili ncha ibaki laini. Pitisha mrija kwenye troka hadi nyuma ya kibofu. Kwa mwanamke, nyuma ya mfuko wa uzazi. Mzunguko ukishafika, sukuma mrija huku ukiuvuta waya polepole. Tazama mstari unaoonekana kwenye eksirei uliochorwa ubavuni mwa mrija: uwe umenyooka kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukizunguka kama kamba iliyosokotwa, mrija utajinyoosha wenyewe baadaye na ncha itahama. Sukuma hadi pete ya ndani ionekane kidogo ndani ya tumbo, ondoa troka, kisha vuta mrija taratibu mpaka pete izame ndani ya msuli, chini tu ya ala ya mbele. Zungushia mshono wa mfuko kwenye ala hiyo kwa uzi unaoyeyuka, ukaze kiasi cha kuzuia maji bila kuukaba mrija.

Jaribu kabla ya kutoka

Toa gesi, rudisha meza iwe sawa, unganisha lita 1 ya maji ya chumvi yenye joto. Yaingie kwa uzito wake tu, bila kubanwa, ndani ya dakika 5 hivi. Shusha mfuko chini ya meza. Maji yatoke kwa mkondo usiokatika; acha mililita 250 hadi 300 ndani ili utumbo uelee na usiuzibe mrija. Yakitoka kwa kudondoka, rudi na kamera sasa hivi. Mtu anayejiambia kwamba mrija utajirekebisha wodini anamwandalia mgonjwa nusu kaputi ya pili. Maji yakiwa mekundu, rudia kuosha hadi yawe mepesi.

Mrija unaofanya kazi sasa utolewe nje. Chimba njia chini ya ngozi kufuata mchoro, ukipinda bila kona kali. Pete ya nje ibaki sentimita 2 hadi 4 kutoka tundu la kutokea. Ikiwa karibu zaidi, itachomoza nje baada ya miezi. Tundu liwe dogo kama mrija wenyewe na lielekee ubavuni au chini, kamwe lisielekee juu, kwani jasho, maji na uchafu vitatuama humo. Usishone chochote kwenye tundu hilo. Uzi hapo ni mwaliko wa usaha.

Funga kiungio na mrija wa nje, ingiza mililita 20 za maji yenye hepari yuniti 100 kwa kila mililita, funga kufuli na kofia. Matundu ya troka yashonwe kuanzia kwenye ala, hata yale madogo ikiwa mgonjwa ni mwembamba au ataanza dayalisisi mapema.

Wiki mbili za kwanza

Tundu lifunikwe kwa shashi safi na mrija ubandikwe usining'inie. Bandeji isifunguliwe kwa siku 5 hadi 10 isipokuwa imelowa damu au imechafuka, na anayeifungua awe muuguzi wa dayalisisi mwenye barakoa na glavu safi. Mgonjwa asioge kwa kulowesha tundu hadi lipone, jambo linalochukua wiki 4 hadi 6. Asinyanyue kitu kizito kuzidi kilo 5, asikohoe bila kushika tumbo, asikae na choo kigumu. Dawa ya kulainisha kama laktulosi iendelee. Maumivu ya bega siku ya kwanza hadi ya tatu ni mabaki ya gesi, huisha yenyewe.

Kwa maumivu mpe parasetamoli. Dawa kama diklofenaki na ibuprofeni zinaua mkojo kidogo uliobaki, na mkojo huo ni hazina kwa mgonjwa wa dayalisisi ya tumbo. Morfini hulimbikiza mabaki yake mwilini figo zikishindwa. Ikihitajika dawa kali, fentanili ni bora.

Mrija uoshwe mara moja kwa wiki hadi utakapoanza kutumika. Dayalisisi kamili ianze baada ya wiki 2. Asiyeweza kusubiri aanzishwe na mililita 500 hadi lita 1 kwa kila zamu, akiwa amelala, na tumbo liwe tupu anapotembea. Shinikizo tumboni hupanda mtu anapokaa au kusimama, na ndilo linalosukuma maji kando ya mrija ambao bado haujashikwa. Kiasi kipandishwe hatua kwa hatua hadi lita 2.

Mambo yanapoharibika

Maji yanaingia lakini hayatoki. Anza na choo kila mara. Mpe dawa ya kuharisha inayofaa kwa figo, mgeuze ubavu, mwinue, mtembeze. Wengi humalizikia hapo. Isiposaidia, piga eksirei ya tumbo uone ncha iko wapi. Ncha ikiwa imepanda juu, waya chini ya eksirei unaweza kuirudisha, ingawa mara nyingi hupanda tena kwa sababu chanzo hakijaondolewa. Ncha ikiwa mahali pake na bado maji hayatoki, fikiria omento au mrija wa uzazi, na hiyo ni kazi ya kamera tena.

Hayaingii wala hayatoki. Tafuta mkunjo, kuanzia kwenye kufuli, chini ya bandeji, kwenye kona ya chini ya ngozi. Kama hakuna mkunjo, kuna donge la damu au nyuzi nyeupe za fibrini. Sukuma mililita 20 hadi 50 za maji ya chumvi kwa bomba la sindano, kwa nguvu ya wastani; usivute kwa nguvu, utanyonya omento ndani. Nyuzi nyeupe zikionekana kwenye mfuko, hepari yuniti 500 kwa kila lita ya maji ya dayalisisi huzuia zisizidi. Donge lililokwisha kuziba huhitaji dawa ya kuyeyusha ya aina ya altepulasi, miligramu 1 kwa mililita, ijaze ujazo wa mrija na ikae kwa saa moja au zaidi.

Maji yanavuja kando ya mrija. Yakiwa na sukari nyingi kwenye kijiti cha kupimia, ni maji ya dayalisisi. Simamisha, acha tumbo tupu kwa wiki 1 hadi 2, kisha anza upya na kiasi kidogo. Usijaribu kushona ngozi kuzuia: maji yatageukia chini ya ngozi, hadi kwenye mfuko wa korodani au midomo ya uke.

Tundu lina usaha. Usaha ni maambukizi, hata bila wekundu. Chukua kipimo, anza antibiotiki, na papasa handaki lote hadi pete ya ndani. Uvimbe na maumivu kwenye handaki ni jambo kubwa zaidi, huweza kuishia mrija kuondolewa. Kinga ni krimu ya mupirosini au jentamisini kwenye tundu kila siku baada ya kuosha. Mwenye mrija wa poliuretani asitumie marhamu ya mupirosini iliyotengenezwa kwa polietileni glikoli, kwa kuwa huidhoofisha poliuretani. Mrija wa silikoni hauna tatizo hilo. Na mkasi usikaribie mrija kwa sababu yoyote.

Maji yanatoka mawingu. Hii ni dharura ya siku hiyohiyo. Mgonjwa alete mfuko wenyewe. Seli nyeupe zaidi ya 100 kwa mikrolita, na zaidi ya nusu yake zikiwa neutrofili (aina moja ya seli nyeupe), katika maji yaliyokaa tumboni angalau saa 2, zikiambatana na mawingu hayo au maumivu ya tumbo, zinathibitisha peritonaitisi, yaani uvimbe wa utando wa tumbo. Sampuli ichukuliwe kwanza, antibiotiki ziingizwe tumboni mara moja bila kungoja majibu ya maabara. Maji yasiposafika ndani ya siku 5 za tiba sahihi, mrija utolewe, kwani kuokoa utando wa tumbo kuna maana kubwa kuliko kuokoa mrija. Na siku za mwanzo baada ya upasuaji, ikiwa maji yana mawingu yenye rangi ya choo au chembechembe za chakula, usidhani ni maambukizi ya kawaida: utumbo umetobolewa, mgonjwa arudi chumba cha upasuaji leo.